Mama Pembeni, Mshonaji wa Sare

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na mama yake alifua nguo za watu. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, kwa hiyo alianza kutumwa sokoni kabla kichwa chake hakijafikia meza za wauzaji.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na kituo cha reli, akamaliza mwaka 1967. Alifaulu, ila ada haikupatikana, akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza kushona. Hakuwahi kulalamika. Lakini hata alipokuwa mtu mzima, kila alipomaliza sare ya sekondari aliipima kifuani mwake mbele ya kioo kabla ya kuikunja.

Aliajiriwa katika karakana ya sare mwaka 1972, kisha akashonea barazani kwake hadi vidole vilipogoma, mwaka 2014. Tarehe 6 Desemba 1975 aliolewa na fundi rangi, mtu mpole aliyemtangulia mwaka 2009. Walijaliwa wana wawili na binti mmoja, kitinda mimba.

Kila Jumamosi jioni familia nzima ilikwenda sokoni, wauzaji wanapoanza kukunja maturubai na kulegeza bei. Njiani Mama alikumbusha sheria yake: "Ukikipenda kitu, usikitazame. Tazama cha pembeni yake. Muuzaji akishayaona macho yako, umekwisha." Wauzaji wakamwita Mama Pembeni.

"Mama Pembeni, leo umekuja kununua au kukagua?" aliuliza muuza vyombo siku moja.

"Nimekuja kukusalimia, mwanangu. Hiyo sufuria isiyo na mfuniko unaiuzaje?"

"Mfuniko upo, Mama."

"Sasa mbona umeuficha? Una kesi?"

Kicheko kilipotulia, alikuwa ameondoka na chujio, kitu pekee alichokwenda kununua.

Watoto waliishika sheria hiyo kuliko alivyotarajia. Jirani akiwawekea biskuti, wao walikodolea macho ukuta, mpaka yule mama akauliza kama wanaumwa.

Kitinda mimba alipokuwa anaanza darasa la kwanza, Mama alibanwa na sare za watu, hivyo Baba ndiye aliyempeleka kununua viatu. Mtoto aliona viatu vyekundu vya mkanda, akavipenda papo hapo. Akayatumbulia macho mabuti meusi ya kiume yaliyokuwa pembeni, akayatazama kwa nguvu zake zote. Baba, ambaye hakuwahi kuielewa biashara ya mkewe, akasema, "Kumbe mwanangu umeyapenda haya," akalipa bila kuomba apunguziwe.

Nyumbani Mama aliyaangalia yale mabuti, akamwangalia mtoto.

"Pembeni yake kulikuwa na nini?"

"Vyekundu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Walirudi sokoni Jumatatu, vyekundu vikawa vimeshapata mwenyewe. Akampakata binti yake palepale kwenye benchi la muuzaji, akamwambia, "Kwangu mimi tazama tu, mama. Mimi siuzi."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, lakini mafunzo yalikuwa yameshaingia. Alikua akiwa msichana asiyeomba, na alipokuwa mtu mzima hakuna aliyejua anataka nini.

Mwaka 2022 Mama alianza kudhoofika. Kwenye zahanati alilalamikia goti. Alipewa dawa ya kuchua, akashukuru, akarudi mara kadhaa na goti lilelile. Ugonjwa ulikuwa tumboni. Ulipogunduliwa, upasuaji haukuwa na maana tena. Daktari alimuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilidhani nikilitaja tumbo, ugonjwa utakuwa mkubwa," alijibu.

Aliuguzwa nyumbani. Watoto wake walikizunguka kitanda wakizungumzia paa linalovuja, pazia na bei ya sukari. Walimpenda, na walizungumzia pazia.

Mchana wa tarehe 2 Mei 2024 kitinda mimba alikuwa peke yake naye, akimwekea mto vizuri na kusema kwamba foronya hii inateleza, itafaa ibadilishwe. Akaishia katikati ya sentensi.

"Mama, sitaki uende," alisema. "Nakutaka wewe."

Mama alifumbua macho.

"Sema tena."

Akasema tena.

"Tena."

Akasema, akimtazama usoni, akaendelea kusema hadi Mama akapitiwa na usingizi, mkono wake mkononi mwa bintiye. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 3 Mei, kitandani kwake.

Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na wanafunzi wengi waliovaa kazi ya mikono yake bila kumjua.

Apumzike kwa amani. Tulimtaka abaki.