Norman Haslam na Dakika Tisa za Jumapili

Norman Wilfred Haslam, tunayemzika leo, alizaliwa nyumbani kwao Halliwell, Bolton, asubuhi ya Jumanne, tarehe 19 Februari 1946. Alikuwa mtoto wa pili wa Annie, mfumaji wa kiwanda cha pamba, na Wilfred, kondakta wa mabasi ya manispaa. Wilfred alipata habari akiwa kazini. Jirani alilisimamisha basi mahali pasipo na kituo, akapaza sauti, "Wilf! Ni dume!" Abiria walipiga makofi, basi likachelewa dakika nne. Jioni Wilfred alizitaja dakika hizo katika ripoti yake, na penye sababu ya kuchelewa akaandika neno moja: "Mwanangu." Norman alikua akiisikia hadithi hiyo kila Krismasi, na labda ndiyo iliyomfundisha mapema kwamba nyuma ya kila dakika ya basi kuna mtu.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa mtaani kwao, kisha sekondari ya ufundi hadi mwaka 1962. Insha zilimshinda, lakini hesabu za kichwani alizifanya haraka hata mwalimu wake akawa anamtumia kama mashine. Baadaye aliendelea na masomo ya jioni kwa miaka mitatu.

Alipotimiza miaka kumi na sita aliajiriwa karani katika ofisi ya usafiri ya manispaa, na kufikia mwaka 1971 alikuwa mpanga ratiba. Kazi hiyo wengi hawaijui. Mpanga ratiba hukaa mezani na karatasi kubwa ya miraba, kila basi mstari wake, kila dereva rangi yake, akahakikisha kwamba basi lina dereva, dereva ana mapumziko, na abiria wanafika waendako. Norman aliipenda mno. Hata alipofunga ndoa na Sheila Grundy, Jumamosi ya tarehe 6 Juni 1970, katika kanisa la Methodisti, aliwagawia wageni karatasi yenye saa za mabasi ya kuja na kurudi. Mama mkwe aliisoma akamgeukia bintiye: "Mwanangu, huyu amekuoa au amekupanga?" Sheila alijibu, "Angalau nitajua anarudi saa ngapi." Walijaliwa watoto wawili, Janet na Philip.

Jumapili, tarehe 26 Oktoba 1986, sheria mpya ilianza kazi. Tangu siku hiyo kampuni yoyote iliweza kuendesha basi popote ilipoona faida, na kuliondoa ilipoona hasara. Kwenye barabara kuu mabasi ya kampuni tatu yalifukuzana yakigombea abiria wale wale. Vilimani watu walisimama kituoni wakitazama mvua. Kwa miaka thelathini na saba mabasi ya mji huu yalikuwa ya wenye mtaji, wala hayakuwa ya waliokuwa wakiyasubiri. Hilo halikuwa bahati mbaya. Liliamuliwa na watu wasiopanda mabasi.

Norman alibaki kazini chini ya wenye mali wapya, kwa sababu alikuwa na watoto na kazi nyingine hakuijua. Mwezi Aprili 1991 mkuu wake alisimama mlangoni akamwambia, "Norman, nipunguzie dereva mmoja Jumapili asubuhi." Alikaa na karatasi yake. Basi la kwanza la kutoka mtaa wa Harrop Brow lilikuwa likifika hospitali ya kilimani saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Kama lingesogezwa mbele, lifike saa moja na dakika tisa, dereva mmoja angeweza kwanza kupeleka watu stesheni, kisha hospitali, akafanya kazi ya wawili. Ripoti ya tiketi ilionyesha kwamba basi hilo lilibeba watu kumi na mmoja. Norman alichora mstari mpya. Mkuu alimsifu, na jambo likaisha. Hakuuliza wale kumi na mmoja walikuwa wanakwenda kufanya nini.

Alistaafu mwaka 2009. Mwaka 2014 alijiunga na kikundi cha abiria waliodai kwamba mamlaka ya umma ndiyo ipange njia, nauli na saa, na kampuni ziendeshe kwa mkataba, chini ya masharti. Alisimama sokoni na bango, Sheila akimletea chai kwenye chupa. Katika mkutano wa kukusanya maoni, majira ya baridi ya mwaka 2019, msemaji wa upande wa kampuni aliwaambia watu ukumbini kwamba kupanga mabasi ni utaalamu ambao serikali haina. Norman alinyanyuka polepole.

"Kijana, hizo ratiba unazojivunia nimezipanga mimi."

"Basi mzee utakubali kwamba ni nzuri."

"Ni nzuri kwa aliyenilipa. Wewe uliwahi kusubiri basi Harrop Brow siku ya Jumapili?"

"Mimi... nina gari."

Ukumbi mzima ulicheka, na bibi mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpeni lifti arudi kwao!"

Abiria walishinda vita hiyo. Jumapili, tarehe 24 Septemba 2023, mabasi ya Bolton yalirudi mikononi mwa umma, yakiwa na rangi ya manjano. Norman, mwenye umri wa miaka sabini na saba, alivaa tai, akashuka hadi kituo cha Harrop Brow alfajiri kulipanda basi la kwanza la kwenda hospitali. Dereva aliitazama tai hiyo. "Babu, unakwenda kuoa?" Norman alisema, "Nimeshaoa. Leo nakuja kukukagua."

Kwenye kituo hicho hicho alipanda mwanamke mwenye sare ya usafi chini ya koti, Hansa Mistry, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefagia na kupiga deki wodi za hospitali hiyo. Aliketi mbele ya Norman, uso umejaa furaha. "Kila Jumapili napanda kilima hiki kwa miguu," alimwambia. "Leo nimesema hapana. Basi ni letu sasa, sitembei tena."

Saa moja kamili iliwakuta bado wako chini ya kilima. Hansa alitazama simu yake, akatazama dirishani, akaitazama tena simu. Zamu yake ilikuwa imeanza. Basi lilisimama mbele ya hospitali saa moja na dakika tisa, sawasawa na ratiba, kwa sababu mamlaka ilizichukua ratiba za zamani kama zilivyokuwa ili kuanza bila vurugu.

"Mpumbavu gani alilipanga basi hili?" Hansa alisema akikimbilia mlango.

Norman angeweza kunyamaza. Alisema, "Mimi, mama."

Hansa aligeuka kwenye ngazi, akamtazama mzee huyo na tai yake. "Basi kalipange upya," akasema, akaingia kazini kupokea karipio lake.

Norman alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti. Sheila alimwambia, "Miaka tisa ya mabango, na kosa lilikuwa lako mwenyewe?" Alimwekea chai mbele yake, kisha akamtolea karatasi za miraba kabatini.

Alipiga hesabu kwa wiki sita. Aligundua kwamba kama dereva angeanza na safari ya hospitali, na kupumzika hukohuko badala ya kurudisha basi tupu gereji, dereva yule yule mmoja angetosha. Kizuizi kilikuwa kimoja: dereva hawezi kupangiwa mapumziko mahali pasipo na choo. Alipeleka mchoro wake kwa mamlaka, akajibiwa kwamba utaangaliwa. Aliandika tena, akaenda mwenyewe, akaketi mapokezi mpaka akapewa mtu wa kuzungumza naye. Mtu huyo alizungumza na hospitali, hospitali ikajadili ufunguo wa choo cha wapagazi, wale wanaosukuma vitanda vya wagonjwa, kwa miezi tisa kabla ya kuutoa. Wako waliomcheka kwamba umma nao ni mwendo wa konokono. Aliwaambia, "Zamani ningemgongea nani? Sasa angalau kuna mlango, na aliye ndani analazimika kufungua." Hilo ndilo tulilolipigania, na wale wanaotaka kulirudisha nyuma walisikie hata hapa makaburini.

Mapafu yake yalianza kushindwa mwishoni mwa mwaka 2024. Mwezi Machi 2025 alilazwa katika hospitali hiyo hiyo ya kilimani, na madaktari waliieleza familia kwamba hatapona. Aliuliza swali moja tu: siku ngapi? Ratiba mpya ilikuwa imetangazwa kuanza Jumapili, tarehe 27 Aprili.

Aliifikia siku hiyo. Asubuhi aliomba ainuliwe kwenye mito ingawa hakuweza kukiona kituo kutoka kitandani. Hansa aliingia wodini na ndoo yake, hana haraka.

"Limefika saa ngapi?" Norman aliuliza, pumzi ikimkatika.

"Saa moja kasoro kumi na mbili, mzee wangu. Nimekunywa chai. Nimekaa kabisa, nikanywa chai."

"Mlikuwa wangapi?"

"Sikuhesabu. Wengi."

"Jumapili ijayo uhesabu," alisema, akafumba macho akitabasamu.

Jumapili iliyofuata Hansa alimletea jibu: kumi na wanne. Norman alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, saa nne asubuhi, Sheila akiwa amemshika mkono.

Anawaacha mke wake Sheila. Watoto wake Janet na Philip. Dada yake Dorothy. Na wajukuu watano. Anawaacha pia watu kumi na wanne wanaoshuka hospitalini Jumapili asubuhi na kupata nafasi ya kukaa kabla ya kuanza kazi. Wengi wao hawakulijua jina la aliyewapangia. Ndiyo maana limesomwa hapa leo: Norman Wilfred Haslam. Mungu ampe pumziko jema.