Bwana Sijui, Mtu wa Kitalu cha Vitunguu

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Bwana Sijui, alizaliwa tarehe 9 Machi 1976, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Jina hilo alilipatia mezani kwa baba yake. Wenzake walipoulizwa watakuwa nani wakikua, walitaja urubani na udaktari. Yeye alijibu, "Sijui." Hakuwa na jeuri. Hakujua kweli.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1990 na sekondari mwaka 1994. Akaanza ualimu, akaacha. Akaingia uhasibu, akaacha. Baba akamkalisha kwenye cherehani, akashona suruali ambayo mguu mmoja uliupita mwenzake kwa kiganja kizima.

"Mwanangu, hasa unatafuta nini?" baba alimuuliza.

"Baba, ningekuwa najua, ningeshakwambia."

Mwezi Juni 2004 shemeji yake, dereva wa lori la mbolea, alimpatia nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika shamba la mbegu. Alikwenda kwa sababu alichoka kuulizwa. Wenzake walikuwa vijana wadogo waliomwita mjomba. Wiki ya pili alitumwa kupalilia tuta la vitunguu vya majaribio. Aling'oa miche yote, akaacha magugu, kisha akayamwagilia maji vizuri.

Msimamizi, mama mmoja wa makamo, alilitazama lile tuta toka mwanzo hadi mwisho. Marehemu akaenda kufunga begi lake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Na hapa atapanda nani?"

Akapanda upya. Kwa kuogopa kukosea tena, kila asubuhi alichuchumaa kando ya tuta, akikodolea udongo macho. Siku moja akapiga simu nyumbani, anahema.

"Dada, vinatoka vimeinama! Shingo kwanza!"

"Vitu gani?"

"Vitunguu! Nyasi hutoka wima, vyenyewe vinainama!"

"Wewe unaumwa?"

"Sijui. Njoo uone."

Dada yake mkubwa alikata simu, akamwambia mama kwamba mtoto amechanganyikiwa.

Mafunzo yalipokwisha hakurudi. Aliajiriwa palepale shambani, kwenye kitalu cha miche, na mwaka 2013 akawa msimamizi. Familia ilimuuliza mara nyingi amepata nini huko, naye hakuweza kueleza. Alisema tu kwamba alikuwa akiamka akiwa na hamu ya kuona nini kimechomoza.

Tarehe 14 Novemba 2009 alifunga ndoa na mpimaji wa maabara ya mbegu, wakajaliwa binti wawili. Bibi harusi alipomuuliza alijuaje kuwa ni yeye, bwana alijibu kama kawaida yake, na bibi akanuna mpaka keki ikakatwa.

Agosti 2023 alianza kukonda. Hospitali moja ilisema vidonda vya tumbo, nyingine ini, ya tatu ikasema saratani ya kongosho. Tulikuwa hatujaelewa neno moja, tukaletewa jingine. Wodini alimgeukia dada yake.

"Dada, hivi mimi nilifanya nini hasa duniani?"

Dada akamshika mkono.

Kesho yake wasichana wawili wa kitaluni, aliowafundisha kazi, walimletea mche wa kitunguu uliooza shina. Mgonjwa, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hanyanyui kichwa, aliomba aketishwe. Akaunusa, akauliza kuhusu maji, udongo na nafasi, mpaka muuguzi akawatoa wageni.

"Umesikia, dada?" alisema. "Wamebananisha mno. Waambie wavipe hewa."

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Kwa nini yeye, na kwa nini mapema hivi, familia bado haijapata pa kushika. Agizo lake dada alilifikisha.

Ameacha mama, mjane, binti wawili, dada, kaka, shemeji na wafanyakazi wa kitalu, ambao leo wamefunga kazi kuja kumzika.

Pumzika salama, ndugu yetu. Mola akupokee.