Jiwe Lililonukia Msindano

Leo ni Alhamisi, mwezi kumi na tisa Mfunguo Pili kwa mwandamo ulioonekana hapa Mahajanga, tarehe mbili Aprili mwaka 1964 kwa kalenda ya serikali, na saa ni tisa na nusu alasiri; nimeitaja mwenyewe bila kuulizwa, na mwalimu Fazul aliyeketi mlangoni amesikia, asije mtu kesho akasema mzee alikuwa akiweweseka. Sogeeni, wanangu. Anli, kaa upande huu. Hayrat, kaa ule. Na jiwe liacheni hapo katikati juu ya mkeka, bila nguo yake.

Tangu Maulidi mmegombana juu ya jiwe hili. Wewe Anli wasema lilianguka kutoka mbinguni, likaichagua nyumba hii, basi alishikaye jiwe ndiye ashikaye nyumba, na dada yako na binti yake Zalifa wahamie kibanda cha shamba la Belobaka. Majirani wanakuunga mkono, kwa kuwa wamezoea kuliletea asali na nadhiri zao. Nami sikukujibu upesi, maana neno la wazee halitemwi kama kapi la muwa, na jambo lisilojulikana huamuliwa kwa kutazamwa, haliamuliwi kwa kelele.

Wala sikukataa kwamba mawe huanguka. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, kwa vitabu vya shule vya Zalifa, nikakuta humo kwamba yapo mawe yatokayo angani, mazito, yenye ngozi iliyoungua. Nikafurahi, nikadhani wazee wetu wamepata shahidi. Tena jiwe letu huigeuza sindano ya dira, nawe uliniuliza, “Baba, chuma hicho kingetoka wapi kama si juu?” Swali lako lilikuwa jema. Ndilo lililonirudisha kisiwani Nosy Be.

Nilizaliwa Marodoka, lakini mlima wa kule, kila nilipopita na jahazi, nilikuwa nimeuona tu, sijapata kuutazama. Tuliambiwa maziwa yake ya mviringo ni mashimo yaliyopigwa na nyota. Nikaenda na dira mfukoni hadi pale walipoukata mlima kupitisha barabara, nikakuta majivu yaliyogeuka mwamba, tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyopangwa, yote yameinama kutoka upande wa ziwa. Nyota hupiga mara moja. Pale moto ulipanda kutoka chini, ukatulia, ukapanda tena, mara nyingi. Na katikati ya majivu yale mlikuwa na mawe meusi yenye vitundu kama mkate wa kumimina. Nikasogeza dira, sindano ikageuka kwa jiwe la kwanza, ikageuka kwa la pili na kwa kila nililoligusa. Basi ama mlima mzima umeanguka kutoka mbinguni, ama jiwe letu ni mtoto wa mlima ule.

Niliporudi na habari hiyo, Anli, ulicheka. Ulisema, “Baba, tangu lini kitabu cha mtoto kikaijua mbingu kuliko bibi yetu?” Sikukasirika, adaiye ushahidi si adui. Ndiyo sababu leo baada ya adhuhuri nimeamuru nguo nyeupe ivuliwe, jambo ambalo hakuna aliyethubutu tangu mama yangu Mariama alipofariki, na Hayrat akalimwagia jiwe maji ya moto. Mmeona kwa macho yenu: upande wa chini pamelainika na kubonyea kama kiganja, na harufu ikapanda, harufu ya msindano, ule mti wausagao wanawake wetu kwa maji wakajipaka usoni. Nawe Hayrat ukasema, “Kaka, nyota gani hii iliyoshuka na harufu ya bi harusi?” Hata Anli aliuma midomo asicheke.

Nipeni maji kidogo.

Hakuna aliyesema uongo. Mama alihama Marodoka akiwa mjane, mimi ningali mgongoni, akachukua jiwe la kusagia alilopewa na mama yake, akalifunga nguo nyeupe lisivunje vyombo. Na watu wetu wakimwona mjane amepakata kitu kizito katika nguo nyeupe, hawafunui; huinamisha kichwa. Wiki ile ile aliyofika hapa, alivyokuwa akisimulia mwenyewe, nyota iliwaka juu ya ghuba. Watu wakaunganisha mambo mawili, naye, mgeni asiye na mtu hapa, aliihitaji heshima ile kuliko jiwe. Naamini ndivyo ilivyokuwa. Alinyamaza, akaenda sokoni akajinunulia jiwe jingine la kusagia.

Basi sikilizeni neno langu. Kwa ada yetu Wangazija nyumba hupita kwa binti, na mama yangu, asiyezaa binti, alimwekea Hayrat nyumba hii mbele ya mashahidi. Jiwe halikumpa, na jiwe halitamnyang’anya. Shamba la Belobaka, Anli, ni lako, na dira ni yako, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeuliza swali. Vilivyobaki mwalimu Fazul avigawe kisheria. Asali isiletwe tena hapa. Aliye na nadhiri amwendee Mola wake, na mgonjwa ale asali yake.

Zalifa anaolewa mwezi ujao. Siku hiyo Hayrat amsagie msindano juu ya jiwe hili, na Anli, mjomba wake, ndiye amimine maji. Nataka mkono wako uonekane hapo, mwanangu. Undugu haumwagwi pamoja na povu.

Pumzi... ngojeni. Mungu awaweke pamoja. Awape macho ya kutazama. Radhi yangu mnayo, nyote wawili.

Moja limebaki. Watasema mzee alilivua jiwe Alhamisi, likamuua. Wasahihisheni taratibu, msigombane nao. Kikohozi kilinianza Ramadhani... nalo jiwe, Ramadhani, lilikuwa bado limevaa nguo yake.