Bendera ya Kitenge

Bertin alijikunyata juu ya magunia ya samaki wa ziwa Tshangalele, kando ya mkewe Laure, kofia ameivuta hadi machoni, akiwasikiliza askari wawili lorini wakibishania sheria ya kuotea. Bunduki walikuwa nayo moja, maoni mawili.

“Hors-jeu inaua football,” alifoka mwenye bunduki. “Jana tulitia goli safi, juge de touche, ule wa pembeni, akainua bendera. Miye nikimuona, ataikula!”

“Bila hors-jeu, bachezaji bote batalala tu pa goli,” mwenzake akabisha. “Na ile haikukuwa bendera. Ilikuwa kipande ya kitenge, nyekundu, na kuku ya njano.”

Bertin aliwajua kuku wale. Aliwakata mwenyewe, asubuhi ya mechi, alipokosa bendera ya kuinua pembeni mwa uwanja, kwenye upindo wa kitenge hikihiki alichovaa Laure sasa.

Akaomba Mungu lori lisisimame. Likasimama, na askari wote wawili wakageuka kumshika Laure mkono ashuke.