Wimbo wa Sita wa Mzee Uzi

Marehemu, fundi viatu na mpiga zeze, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Uzi mpaka mkasahau jina lake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita. Wasifu huu unasomwa na binti yake mkubwa, ambaye hakusema naye kwa miaka kumi na moja. Mnaonong'ona huko nyuma, mmesikia sawasawa.

Alianza shule mwaka 1959, akaiacha darasa la sita baba yake alipofariki. Hesabu zilimpiga chenga, lakini habari akiisikia mara moja tu, keshaitia kwenye wimbo. Mwalimu mmoja alimchapa kwa kuimba kuhusu suruali yake iliyotoboka, kisha akamwomba aurudie wimbo taratibu.

Mwaka 1968 alifungua kibanda cha viatu mkabala na geti la hospitali. Uzi uleule aliokushonea soli ndio aliofunga kwenye zeze. Alikuwa na desturi moja: hapigi wimbo kabla ya kueleza umetoka wapi. Na nyingi zilitoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtu akilia chumbani, yeye huyo, anatafuta zeze.

Tarehe 8 Mei 1976 alimwoa mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu. "Baba watoto, hili usiliimbe," mkewe alikuwa akimwambia, naye alisikia. Mkewe alipofariki mwaka 2009, hakubaki wa kumzuia.

Agosti 2013 binti mkubwa alifiwa na mtoto wa siku tisa. Desemba, kwenye harusi ya jirani, mzee alisimama na zeze lake akaeleza mbele ya kadamnasi jinsi maziwa yalivyoendelea kutoka, na binti yake akawa anayakamulia kwenye sinki. Jamani! Binti mwenyewe alikuwa pale, amebeba sinia la vikombe. Aliliweka chini, akatoka, na kwa baba yake hakurudi.

Februari 2024 daktari alimkuta na uvimbe kooni. Juni, kabla sauti haijamwisha, alirekodi nyimbo nane katika chumba kilicho juu ya duka la vyuma, magodoro yamepigiliwa misumari ukutani. Kila wimbo aliueleza kwanza. Alipofika wa sita alimpigia binti yake simu. "Mama, nieleze au ninyamaze?" Binti akakata simu. Kwenye rekodi zinasikika pumzi zinakwaruza, halafu: "Huu una mwenyewe. Mimi sina ruhusa." Akauimba, akamwambia fundi mitambo asimpigie mtu yeyote wimbo huo mpaka mwenyewe akubali.

Binti aliyapata hayo kwa mdogo wake tarehe 17 Oktoba. Kesho yake alifika wodini, sauti imeshakwisha. Walishikana mikono tu. Hakumwambia amemsamehe, kwa sababu alikuwa bado. Mzee alifariki tarehe 19, saa nne asubuhi, na jambo hilo linamuuma binti yake mpaka sasa hivi.

Ametanguliwa na mkewe na mjukuu wa siku tisa. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na jozi kumi na moja za viatu vyenu kibandani, vifuateni. Jeneza likishushwa, utapigwa wimbo wa sita. Umetoka kwa mtoto yule na mama yake, huyu anayesoma.

Pumzika salama, baba. Ruhusa nimekupa.