Nilifukuza Mukwe Wangu, Kumbe ni Masikio

Ndugu zangu, papa na maman wa shirika letu la kanisa, nimeomba kusimama leo niseme juu ya hii waya munayoona inatoka kwenye mufuko wa shati langu na kupanda mpaka sikioni. Najua munajiuliza. Watoto wa avenue wameshaniita Muzee Radio, na mimi nimekubali, maana kuna majina mabaya kuliko hilo.

Munanijua. Miaka makumi mbili nilipasua mbao kiwandani, pembeni ya mashine yenye kulia toka asubuhi mpaka jioni. Bibi yangu, mama ya kijana wangu, alipokufa, nilibaki na huyo kijana mumoja tu. Akaoa binti wa kutoka Nyangezi, wakakaa kwangu. Binti mwenye malezi. Na malezi ya kwetu munayajua: mukwe hamuangalii baba ya bwana yake usoni. Anageuza uso, anashusha sauti. Akileta chakula, anakiweka na kusema maneno mawili huku anaangalia mulango. Hiyo ni heshima.

Lakini mimi sikuwa nasikia kitu. Kijana wangu nilimusikia vizuri, wanaume wa kazini niliwasikia. Huyu binti tu ndiye alikuwa kimya. Asubuhi anapita uani, uso pembeni, nami nasema moyoni: ananipita kama jiwe. Mwanzo nilisononeka, kisha nikakasirika. Ndugu zangu, nawaambia, uziwi haupigi hodi. Unakuja pole pole, na wewe unafikiri ni watu wamebadilika.

Siku moja nikamuita kijana mbele ya wajomba zake. Nikasema, "Bibi yako ananinyima salamu ndani ya nyumba yangu. Nimechoka."

"Lakini papa, anakusalimia kila siku!"

"Kwa hiyo muongo ni mimi?"

Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mukeka karibu na mulango, na mimba ya miezi saba. Niliona mabega yake yanatetemeka. Wiki ile ile wakapanda lori la kwenda Kamituga, kijana akapata kazi kwa muchuuzi mumoja kule. Mutoto akazaliwa mbali. Habari nililetewa na dereva.

Hapo nyumba ikanyamaza kweli. Jioni nilikaa inje naangalia ziwa, nawaza huyo mutoto amefanana na nani. Nilimutamani bila kumujua. Nilikuwa nasonga bugali ya mutu mumoja, nakula nusu, nusu inakauka. Ningeweza kuandika barua. Sikuandika. Kiburi, ndugu zangu! Munacheka, lakini mumo humu wenye kukifuga.

Miaka miwili ikapita hivyo. Asubuhi moja nilipita karibu na kambi wakati wa kupandisha bendera. Sheria munaijua: filimbi ikilia, kila mutu anasimama pale alipo, hata mwenye beseni ya samaki sambaza kichwani. Wote wakasimama. Mimi nikatembea tu, nikishangaa mbona wamama wananitolea macho. Askari akanikamata kwenye kola.

"Telema! Simama! Unadharau bendera?"

Mama mumoja wa shirika hili, simutaji, akaja mbio, akasimama mbele yetu, akapaza sauti. "Shefu, musamehe! Huyu muzee hasikii. Sisi wote tunajua."

Sisi wote tunajua! Askari akaniachia, lakini lile neno liliniuma kuliko kofi. Nikamugombeza yule mama njia nzima. Yeye akabaki nyuma kidogo. Nilipogeuka nimalizie hasira yangu, akasema, "Papa, nimekuita mara tatu."

Wiki ile akanipeleka hospitali, kwa masera mumoja, mutawa mwenye kupima masikio. Masera akamulika ndani kwa taa, akasema hakuna uchafu. Akanivalisha vifuniko vya masikio, akaniambia: ukisikia sauti, hata ndogo, inua mukono. Mimi mujanja! Nikawa naangalia kidole chake. Kikibonyeza mashine, nainua mukono. Akacheka, akageuza kiti changu kuelekea ukuta. Ujanja ukaisha. Nilikaa naangalia ukuta, nangoja, nangoja. Mukono ulibaki kwenye goti.

Akanionyesha karatasi yenye mustari wa kuteremuka. "Papa, sauti nzito za wanaume bado unazo. Nyembamba ndizo zimekwenda, za wamama na za watoto. Mutu akikuangalia, unasoma midomo yake bila kujua. Akigeuza uso, umemupoteza."

Akigeuza uso. Nililia mbele ya yule masera kama mutu wa kilio. Ile heshima yote niliyopewa na binti wa watu, ndiyo niliyomufukuzia.

Nilipopata kifaa hiki cha kusikilizia, nilipanda lori. Siku ine kwenye matope. Mukwe wangu alitoka mulangoni, akaniona, akageuza uso vile vile. Nikavua kofia, nikamupa kuku niliyemubeba njia yote, maana kwetu zawadi ya baba mukwe inamufungua mukwe aseme naye wazi. "Mama, nisamehe. Niangalie, useme."

Kisha akainua macho. "Papa, kila asubuhi nilikuuliza kama umelala vizuri."

Nyuma ya kikwembe alichojifunga kiunoni, katoto ka kike kakauliza, "Ni nani huyu?" Nilikasikia. Nilikasikia, ndugu zangu!

Kazi bado inawashika kule. Noeli watakuja, na mimi nahesabu Jumapili. Aksanti kwa yule mama, aksanti kwa masera, aksanti kwa mukwe wangu kwa kunisamehe. Nanyi, mukiona watu wote wameanza kunong'ona, mupimwe kwanza kabla ya kuwahukumu. Musingoje. Kuna sauti moja kifaa hiki hakitanirudishia. Bibi yangu, siku zake za mwisho, alinishika mukono akaniambia kitu, sauti imebaki kidogo, uso kwenye ukuta. Nikamuitikia, "Ndiyo, mama, ndiyo." Mpaka leo sijui niliitikia nini.

Masera anapima Alhamisi. Mwenye kuona haya anipitie nyumbani, tutateremuka pamoja.