Kati ya Thelathini na Thelathini na Mbili

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa karani wa reli, katika nyumba za wafanyakazi nje ya mji. Nyumba hizo zilifanana kama sare za shule, na kila moja ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango. Mama yake alikuwa akisema kwamba mwanawe huyo alijua kuhesabu kabla ya kujua kuomba maji.

Alisoma shule ya msingi ya hapo relini, kisha shule ya ufundi, akahitimu umeme na mitambo mwaka 1970. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya lifti, na huko alidumu hadi alipostaafu mwaka 2011. Wenzake kazini wanamkumbuka kama mtu asiyeharakishwa. Abiria wakikwama na kupiga kelele ndani, alikuwa akiwaambia kupitia upenyo wa mlango, "Pigeni kelele polepole, ili hewa iwatoshe."

Mwaka 1975 alimtoa karani wa kliniki ya macho aliyekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Marehemu alianza kumfariji. Sauti ikajibu kutoka ndani: "Kaka, wewe ndiye fundi? Basi funga mdomo, fungua mlango." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976.

Mkewe alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, na mama huyo hakuwa tayari kuhama nyumba iliyojengwa na babu yake katika mtaa wa kale wa mji. Ikabidi bwana harusi ndiye ahamie. Jamaa zake walimcheka. Alijibu kwamba mwanamume kuishi ukweni si aibu, aibu ni kupotea njia ya kwenda huko. Na alipotea.

Wanaoufahamu mtaa huo wanajua kwa nini. Nyumba ni za mawe, zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Vichochoro havipitishi watu wawili wenye miavuli, na kila pembe ina dada yake inayofanana nayo. Siku aliyohamia, marehemu alizunguka na sanduku begani mpaka mshona nguo aliyekuwa barazani akamwonea huruma.

"Kaka, mbona unapita unarudi? Unatafuta mke au unamkimbia?"

"Nimeambiwa nikate kushoto penye kisima."

"Si ndipo hapo uliposimama."

"Kisima chenyewe kiko wapi?"

"Kilifukiwa kabla sijazaliwa. Lakini ndipo."

Hivyo ndivyo watu wa mtaa ule walivyoelekezana. Ulipita kwa mwoka mikate, ambaye tanuri lake lilizimwa zamani. Ukakata kisimani, penye saruji tupu. Ukahesabu nyumba kutoka kwa mshona viatu, aliyekwishazikwa. Walimbandika jina la Mgeni, nalo likaganda.

Marehemu alijifunza mtaa kama alivyojifunza mitambo, kwa kuushika. Jumapili alibeba kikapu cha mkwewe na kumfuata nyuma. Alijua kichochoro kinachobaki na kivuli hadi adhuhuri, na ngazi ambayo kipandio chake cha juu kinatelezesha mguu. Alijua ni roshani ipi ya mbao isiyofaa kupita chini yake baada ya mvua. Watoto watatu walizaliwa katika nyumba ile. Ilifika wakati naye akawa anawaelekeza wageni kwa mwoka mikate na kisimani, bila hata kutabasamu. Hakuna aliyetambua alianza lini.

Jumamosi, tarehe 9 Mei 1998, mchana, mkewe alianguka jikoni kwa kiharusi. Marehemu alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Aliongea kwa utulivu wake wa kawaida: "Ingieni kwa mwoka mikate, mkifika kisimani kateni kushoto, ni nyumba ya tatu baada ya mshona viatu." Gari liliuzunguka mtaa, ving'ora vikisikika mara huku mara kule. Mwishowe majirani walimkalisha mgonjwa kwenye kiti, wakambeba hadi barabara kuu. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi, na daktari hakuficha kwamba kuchelewa kulichangia.

"Niliwaelekeza mtaa ambao haupo," marehemu alimwambia bintiye mkubwa. Hakulirudia tena neno hilo.

Alikwenda halmashauri kuomba nyumba zipewe namba. Alijibiwa kwamba hakuna kizuizi, mradi kila mwenye nyumba akubali. Akaanza kugonga milango kila jioni akitoka kazini.

"Shemeji, leo namba, kesho kodi," alisema mshona nguo.

"Kodi unalipa tayari."

"Ndiyo, lakini kwa sasa wanapata tabu kunifikia."

Kinyozi aliuliza kama nyumba yake imekuwa mfungwa. Ilichukua miaka mitano. Vibao vya bati alivikata na kuviandika mwenyewe, akavipigilia mwenyewe. Kufikia mwaka 2003 mtaa wote ulikuwa na namba, isipokuwa nyumba moja.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mama mkwe. "Mwanangu, nyumba hii inajulikana tangu enzi za babu yangu," alimwambia. "Siku ile gari ndilo lililopotea, nyumba haikupotea." Marehemu hakuwa mtu wa kupiga msumari kwenye ukuta wa mkwewe bila idhini. Kila mwaka aliomba tena, kwa adabu, na kila mwaka alinyimwa, kwa adabu. Akiulizwa anakaa wapi, alijibu, "Kati ya thelathini na thelathini na mbili." Mkewe alimtania kwamba mganga hajigangi. Yeye hakucheka sana. Aliwaambia watoto kuwa jambo moja tu linamnyima usingizi: kwamba siku moja mtu atahitajika haraka mlangoni pale, asipaone.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alihudhuria kliniki bila kukosa, na wauguzi walimzoea kwa sababu hakuacha kusikiliza lifti ya hospitali na kuwaeleza inaumwa wapi. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume na wajukuu watano.

Ameacha pia mama mkwe, mwenye umri wa miaka tisini na miwili. Jumatano, wenzake wa kampuni ya lifti walikuja kuhani. Baadhi waliingia kimakosa kwa kinyozi, namba thelathini na mbili, wakampa pole, naye akazipokea kwa kuwa hakujua aanzie wapi kuwasahihisha. Wengine walibaki kichochoroni wakiuliza, "Jamani, kwa fundi ni wapi?" Mama mkwe aliwasikia kutoka dirisha la juu. Aliwasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza bintiye kama bati la namba alilowakatia marehemu lingalipo.

Lilikuwepo. Akashuka ngazi zote kwa miguu yake, akasimama kichochoroni akimsimamia seremala aliyeitwa kulipigilia.

"Juu kidogo," alisema. "Mwanangu alikuwa mrefu."

Msiba uko nyumba namba 31. Anayetaka kuja, ataiona.

Apumzike salama, mwenyeji wetu.